PRV kwenye mabomba ya mserereko: kupanga, kufunga, kuseti na kutafuta hitilafu (uzi maalum)

#1 Fundi_Mserereko

Wakuu, habari za kazi.

Maswali ya PRV (valvu ya kupunguza presha) kwenye mabomba ya mserereko, yanayoshusha maji yenyewe kwa mteremko, yanajirudia kila wiki, na wengi wanaanzia kwenye skrubu ya kuseti: "nizungushe mara ngapi?" Skrubu ni kazi ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni kujua mwinuko wa ardhi na daraja la bomba ulilolaza (presha linayoweza kubeba), kwa sababu PRV ikiharibika mara nyingi inabaki wazi. Ikibaki wazi, presha yote ya juu inashuka kwenye bomba lako.

Chukueni mradi wa mserereko wa milimani, wa aina iliyojaa Kilimanjaro, Lushoto, Rungwe au Murang'a. Tanki liko mita 1,480 kutoka usawa wa bahari. Gati (kituo cha kuchotea maji) la kwanza liko 1,455 na la mwisho, bondeni, liko 1,340. Usiku watu wakifunga koki zote, maji yanasimama na bondeni panabeba mita 140. Kila mita 10 ni takriban bar 1, kwa hiyo hapo kuna karibu bar 14.

Stoo kuna bomba la plastiki la HDPE, daraja PN10. Hiyo ni bar 10 kwa maji ya nyuzi joto 20. Yakifika nyuzi 30 bomba hilo linabaki na asilimia 87 ya uwezo wake, yaani bar 8.7, na kwenye nyuzi 40 linabaki na asilimia 74. Bomba lililofukiwa sentimita 20 tu au lililoachwa juani kwenye kivuko cha korongo linafika huko bila shida.

Sasa tunaweka PRV mbili. Ya kwanza mwinuko wa 1,420: inapokea bar 6, tunaiseti itoe 1.5. Maana yake maji baada ya hapo yanafanya kazi kana kwamba tanki liko 1,435. Ya pili 1,380: inapokea 5.5, tunaiseti 2. Bondeni tunapata bar 6. Karatasini PN10 imetosha.

Lakini hesabu nyingine lazima ifanyike. Ya pili ikikwama wazi peke yake, bondeni panapanda hadi 9.5. Ya kwanza ikikwama, mlango wa ya pili unapokea bar 10. Zikikwama zote mbili tunarudi kwenye 14. Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia ni hii: daraja la bomba linapimwa kutoka kwenye uso wa maji ulio wazi wa mwisho, yaani tanki, na si kutoka kwenye PRV ya mwisho. Katika mfano huu, kuanzia 1,380 kwenda chini ni PN16, yaani bar 16 (kwa bomba la PE100 ni lile lililoandikwa SDR 11). Wenye uPVC za kizamani: Class C ni bar 9, D ni 12, E ni 15. Hapo hata D haifiki.

Gharama ya PN16 kwenye kipande cha chini ni ndogo kuliko kufukua mtaro kila masika.

#2 Bomba_Inchi_Mbili

Mkuu umeeleza vizuri, ila kwa nini usiweke tanki la kukata presha pale katikati ukamaliza? Boya likiharibika maji yanamwagika, lakini bomba la chini halipasuki. Kijijini hakuna wa kufungua pailoti (valvu ndogo inayoiongoza PRV) na kubadilisha diaframu (mpira wa ndani).

#3 Fundi_Mserereko

Hoja yako naiheshimu, na kwa miradi mingi ya vijiji tanki la kukata presha ndilo ningechagua kwanza. Presha pale inakuwa sifuri kweli, bila kutegemea mpira wala springi.

Shida zake ni mbili. Kwanza, ukilikata shinikizo pale 1,400, huwezi tena kupandisha maji kwenye kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde kwenye 1,410. PRV ingekuachia kichwa cha maji (presha ya kupandia) unachokitaka. Pili, ukiweka boya kwenye tanki hilo, bomba la juu yake linabeba presha kamili kila boya linapofunga. Watu wengi wanasahau hilo, wanabadilisha daraja la bomba la chini tu na la juu linapasuka. Ukiacha bila boya, maji ya bomba la juu hayasimami lakini maji yanamwagika usiku kucha.

Mchanganyiko ninaoupendekeza: zisipite PRV mbili mfululizo bila tanki la wazi baada yake.

#4 Mhandisi_Neema

Naongeza upande wa ukubwa, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Watu wananunua PRV yenye kipenyo sawa na bomba. Bomba linachaguliwa ili msuguano uwe mdogo, lakini valvu kazi yake ni kuvunja presha, kwa hiyo inataka mwendo.

Mfano: bomba la DN100 (kipenyo cha takriban milimita 100) linapitisha lita 8 kwa sekunde saa za kilele. Mwendo ndani ya bomba ni mita 1 kwa sekunde. Ukiweka PRV ya DN100, mchana itafunguka kidogo sana, na usiku mtiririko ukishuka hadi lita 0.3 mdomo wake utakuwa umeachia nafasi ya unene wa karatasi. Hapo ndipo inaanza kutetemeka na kukata kiti chake (pale sahani ya kufungia inapokalia) yenyewe. Kwa lita 8, DN65 inakupa mita 2.4 kwa sekunde na DN50 inakupa 4. Zote zinafaa kwa valvu za pailoti. Mimi ningechukua DN65 kama kijiji kinatarajiwa kukua.

Jambo la pili ni uwiano wa presha. Kushusha kutoka 12 hadi 2 kwa valvu moja ni mara sita. Maji yanachemka kwa upungufu wa presha pale kwenye kiti, mapovu yanapasuka, na chuma kinaliwa. Utasikia mlio kama changarawe zinapita ndani ya valvu. Kaa ndani ya mara tatu kwa kila hatua: 12 kwenda 5, kisha 5 kwenda 2. Watengenezaji wana chati yake, isome kabla ya kulipa.

#5 mdau_wa_maji

Dada Neema, shukrani. Naomba mwenye nafasi aeleze valvu ya pailoti inavyofanya kazi ndani. Nimekuta imefungwa, ina vibomba vya shaba pembeni, na kila mtu anaogopa kuvigusa.

#6 Mhandisi_Neema

Ndani kuna diaframu kubwa ya mpira iliyoshikana na fimbo na sahani inayofunga kiti. Juu ya diaframu kuna chumba. Maji ya upande wa juu yanaingia kwenye chumba hicho kupitia kitundu kidogo, na yanatoka kupitia pailoti kwenda upande wa chini. Pailoti yenyewe ni PRV ndogo yenye springi, inasikiliza presha ya upande wa chini.

Watu wakifungua koki, presha ya chini inashuka. Pailoti inafunguka, chumba kinatoa maji mengi kuliko yanayoingia, diaframu inapanda na valvu inafunguka. Watu wakifunga, pailoti inajibana, chumba kinajaa, valvu inafunga. Vibomba vya shaba ndiyo njia hizo mbili. Kwenye kila mwisho kuna kikoki, na njia ya kuingilia ina chujio dogo. Chujio hilo dogo ndilo chanzo cha simu nyingi za usiku.

Ukiuelewa mzunguko huo, hitilafu unazitafuta kwa akili:

Kitundu au chujio dogo likiziba, chumba hakijazwi, valvu inabaki wazi na presha ya chini inapanda. Pailoti ikiziba, chumba hakitoi maji, valvu inabaki imefungwa na kijiji kinalala bila maji. Diaframu kubwa ikichanika, valvu haifungi. Diaframu ya pailoti ikichanika, maji yanadondoka kwenye kitundu cha kifuniko cha springi yake. Wengine wanakiziba kwa plagi. Msifanye hivyo, kile ni kitundu cha kutolea taarifa.

#7 Fundi_Mserereko

Na kuseti kwake, kwa mara ya kwanza baada ya kufunga:

Safisha bomba kwanza, kwa kupitisha maji kwenye njia ya pembeni au kabla valvu haijawekwa. Shanga za uchomeleaji wa HDPE, mchanga na vipande vya tefloni vyote huishia kwenye kiti.

Angalia mshale wa mwelekeo. Kisha geti valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, legeza skrubu ya pailoti mpaka springi iwe huru. Springi ikiwa huru valvu kubwa inabaki imefungwa, ndivyo tunavyotaka.

Fungua geti valvu ya juu polepole. Legeza nati ya kibomba kilicho juu kabisa ya chumba utoe hewa mpaka maji yatoke bila mapovu, halafu kaza. Hewa iliyobaki mle inafanya valvu icheze.

Hakikisha upande wa chini kuna maji yanayotiririka: fungua washauti (valvu ya kusafishia bomba) au magati mawili matatu. Fungua geti valvu ya chini. Sasa kaza skrubu kuelekea mwelekeo wa saa, nusu mzunguko, subiri dakika moja au mbili, soma geji. Kaza tena. Ukifika kwenye presha unayoitaka, funga magati yote uone. Geji itapanda kidogo kisha isimame. Ikiendelea kupanda taratibu mpaka ilingane na ya juu, kiti kina uchafu au kimeliwa. Usifunge chemba ukiondoka, hiyo kazi haijaisha.

Mwisho kaza lokinati, na andika presha zote mbili kwa rangi ndani ya mfuniko wa chemba.

#8 Bomba_Inchi_Mbili

Chemba yenyewe mnaweka nini? Nimeona nyingi zina PRV peke yake.

#9 Fundi_Mserereko

Kutoka juu kwenda chini: geti valvu, chujio kubwa la Y au la kikapu, PRV, kipande kinachoweza kufunguka ili uitoe valvu bila kukata bomba, geti valvu ya pili. Geji mbili zenye vikoki, moja kila upande, za glisarini kama fedha inaruhusu. Njia ya pembeni yenye valvu yake. Valvu ya hewa pale panapohitajika. Na upande wa chini, valvu ya usalama iliyosetiwa bar 1 hadi 1.5 juu ya PRV.

Hiyo valvu ya usalama wengi wanaiacha kwa sababu ni ghali na ni ndogo. Kweli, ya DN25 haiwezi kumwaga mtiririko wote valvu kubwa ikikwama wazi. Lakini bomba lake likitolewa nje ya chemba, sehemu ambayo wapita njia wanaiona, ndiyo kengele yako. Maji yakimwagika pale, kuna tatizo, na mlinzi wa mradi anapiga simu kabla bomba halijapasuka.

Sakafu ya chemba iwe na mtaro wa kutolea maji. PRV iliyozama kwenye maji machafu, kitundu cha pailoti nacho kimezama, haiwezi kusomeka wala kutengenezwa. Na acheni nafasi ya juu ya kutosha kuvuta kifuniko na fimbo. Nimeona zege limemiminwa hadi sentimita 10 juu ya boliti.

#10 Koki_ya_Usiku

Wakuu, nina swali. PRV DN80, imesetiwa bar 3. Mchana imetulia. Kuanzia saa 5 usiku geji inacheza kati ya 2 na 4, bomba linagonga. Asubuhi imetulia tena. Pailoti mbovu?

#11 Mhandisi_Neema

Inawezekana pailoti ni nzima kabisa, ndugu. Dalili za usiku tu ni mtiririko mdogo kupita kiasi kwa valvu hiyo. Fanya hivi kwa mpangilio.

Toa hewa juu ya chumba kwanza, ni bure. Kisha kama valvu yako ina sindano ya kurekebisha kasi, ibane robo mzunguko kwa wakati ili valvu ijibu polepole zaidi. Usiibane hadi mwisho, ukiifunga kabisa umeziba njia ya chumba na tumeshasema kinachofuata.

Ikiendelea, soma mita ya kanda saa 8 usiku. Ikiwa unapata chini ya lita moja kwa sekunde, dawa ni PRV ndogo ya pembeni, DN25 ya springi inatosha, iliyosetiwa juu ya kubwa kwa bar 0.3. Kubwa ikibaki 3, ndogo iwe 3.3. Usiku ndogo inatosheleza peke yake na kubwa inaona presha iko juu ya seti yake, inafunga kabisa. Asubuhi mahitaji yakipanda, presha inashuka chini ya 3 na kubwa inafunguka. Mkiziseti kinyume, ndogo haitafanya kazi kamwe.

Kuhusu kugonga, msikuchukulie kama kelele tu. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla ndani ya bomba la chuma yanazalisha pigo la takriban bar 12. Kwenye PE ni karibu bar 3, kwa sababu bomba linatanuka. Ukiwa na kipande cha chuma cha zamani kwenye mtandao, ndicho kitakachoanza kuvuja kwenye viungo.

#12 mdau_wa_maji

Na nikikuta presha ya chini imelingana na ya juu, nitajuaje kama ni diaframu au ni uchafu, bila kufungua kila kitu?

#13 Fundi_Mserereko

Acha presha ya juu iwepo, na funga geti valvu ya chini. Funga kikoki cha pailoti kinachokwenda upande wa chini. Sasa chumba hakina pa kutolea, kwa hiyo valvu kubwa inapaswa kufunga. Fungua kidogo geji ya upande wa chini, imwage. Ikimwaga kidogo na kukauka, valvu kubwa ni nzima na tatizo liko kwenye pailoti. Ikiendelea kumwaga, fuata hatua inayofuata.

Funga na kikoki cha upande wa juu, ili vibomba vyote viwe vimetengwa. Legeza plagi ya juu ya chumba. Maji ya chumba yatatoka huku diaframu ikipanda. Yakiisha na kukauka, mpira ni mzima. Tafuta jiwe au kipande kwenye kiti. Yakiendelea kutoka bila kukoma, yanapita kwenye mpira: diaframu imechanika. Kabla ya jaribio hili geti valvu ya chini iwe imefungwa kweli, kwa sababu valvu itafunguka na itapeleka presha yote kijijini.

#14 Plamba_Nyeri

Salamu kutoka huku Kenya. Nauliza ya nyumbani: PRV ya shaba ya inchi ¾ kabla ya tanki la maji moto. Mteja anasema anazungusha skrubu kushusha na geji haishuki. Na tangu iwekwe, valvu ya usalama ya hita inadondosha maji.

#15 Mhandisi_Neema

Mambo mawili tofauti, ndugu yangu.

Akishusha seti huku mifereji yote imefungwa, maji yaliyokwisha kunaswa hayana pa kwenda, geji itabaki palepale. Afungue mfereji kidogo, ashushe, afunge, asome. Nyingi za aina hiyo hutoka kiwandani zimesetiwa bar 3 na zinaposetiwa hakuna maji yanayopita. Zikipitisha maji mengi presha inashuka kidogo chini ya seti. Hiyo ni tabia ya valvu za springi, si ubovu.

Hita: maji yakipashwa moto yanatanuka. Kabla ya PRV yalikuwa yanarudi nyuma kwenye bomba la mtaa. PRV nyingi haziyaruhusu kurudi, kwa hiyo presha inapanda mpaka valvu ya usalama inadondosha. Weka tanki dogo la upanuzi kati ya PRV na hita, hewa yake ijazwe ilingane na seti ya PRV likiwa halina maji. Mteja asikubali mtu aizibe ile valvu ya usalama.

#16 Koki_ya_Usiku

Nimetoa hewa na kubana sindano, mchezo wa geji umepungua lakini haujaisha. Mita ya saa 8 usiku inasoma lita 0.4 kwa sekunde. Nanunua ndogo. Swali la mwisho: bosi anauliza kwa nini tutumie fedha kwenye presha wakati hakuna bomba lililopasuka.

#17 Mhandisi_Neema

Mwambie aangalie hiyo 0.4 ya usiku. Sehemu kubwa yake ni uvujaji, na uvujaji unafuata presha. Tundu la duara kwenye chuma linavuja kwa kipeuo cha pili cha presha. Ufa kwenye plastiki unapanuka presha ikipanda, kwa hiyo unavuja kwa kipeo cha 1.5 cha presha. Kushusha usiku kutoka 6 hadi 3 kunapunguza uvujaji wa tundu la chuma kwa asilimia 29 na wa ufa wa plastiki kwa karibu asilimia 65, bila kufukua popote.

Mfano unaojulikana sana barani ni Khayelitsha, Cape Town, mradi wa 2001. Mtiririko wa usiku ulikuwa zaidi ya mita za ujazo 1,600 kwa saa, sehemu kubwa ikipotea kwenye vyoo na mabomba mabovu ndani ya majumba. Kwa kupunguza presha kwenye chemba za kuingilia, waliokoa takriban mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka.

#18 Bomba_Inchi_Mbili

Kwetu maji ni ya mgawo, siku mbili yapo, siku moja hayapo. PRV zinadumu?

#19 Fundi_Mserereko

Zinaumia haraka. Bomba linapokauka linavuta tope kupitia nyufa zake, na maji yakirudi hewa inatangulia ikisukuma tope hilo hadi kwenye pailoti. Mnaofungulia maji, fungueni geti valvu kidogo kwanza, hewa itoke, baada ya nusu saa ndipo mfungue yote. Chujio dogo la pailoti lisafishwe kila mwezi wakati wa mvua, kila miezi mitatu kiangazi. Chujio kubwa lisafishwe tofauti ya geji mbele na nyuma yake ikifika bar 0.5.

Mara moja kwa mwaka fungua kifuniko. Toa magamba ya chokaa kwenye fimbo kwa kulowesha kwenye siki, usikwangue kwa msasa. Diaframu ichunguzwe kwenye mikunjo, na iwe na akiba stoo pamoja na oringi na mpira wa sahani, za modeli hiyo hiyo. Namba ya modeli iko kwenye kibao cha ubavuni, ipige picha kabla haijafutika.

Na wakati wa kurudisha, mpira upakwe grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Grisi ya gari inavimbisha mpira wa EPDM, na diaframu uliyoweka mpya itakwama au kuchanika ndani ya miezi michache.

#20 mdau_wa_maji

Boliti za kifuniko zikazwe kwa mpangilio gani?

#21 Fundi_Mserereko

Kwa msalaba, kwa awamu tatu, kama unavyokaza flanji. Ukianza upande mmoja na kuzunguka, mpira unavutwa na unabanwa ukiwa na mkunjo, na pale penye mkunjo ndipo utakapochanika. Baada ya kurudisha presha, subiri dakika kumi, kaza tena zilizolegea, kisha toa hewa upya kabla hujagusa skrubu.